Kidole cha Mzee Waitara

"Basi mwambie huyo Mungu ashuke mwenyewe na sururu, maana mikono yangu mimi imeisha," Mniko alisema, na sauti ilishapanda mpaka kuku waliokuwa wanadonoa pale mlangoni wakahama.

"Punguza mdomo, mura," baba yake akamjibu kijana wake, naye hakuwa anaongea chini. "Pampu haiingii kwenye maji yale. Nimesema asubuhi, nimesema mchana, na sasa hivi nasema."

"Yale siyo maji, Tata. Lile ni duara, shimo la dhahabu. Nimelichimba mimi."

"Na nani alikwambia uchimbe?"

Hapo Mniko akashika kichwa. Maana ndipo ugomvi ulipokuwa unarudi tangu asubuhi. Ukianzia kwenye pampu unaishia hapo, ukianzia kwenye chuo unaishia hapo. Nani alikwambia uchimbe. Jibu lilikuwa mezani, lina gamba jeusi lililobanduka pembeni, na juu yake pamekaa miwani ya mzee yenye mguu mmoja wa waya.

Nje, kwenye kivuli cha nyumba, lilikuwa limesimama toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, na mgongoni kwake pampu ya maji imefungwa kwa mipira ya tairi za ndani. Kwenye kiti amekaa baba mdogo Kisyeri, mdogo wake Mzee Waitara wa tumbo moja, anapiga honi kila akichoka kukaa kimya. Ilikuwa Ijumaa na jua limeshaanza kuinama. Likizama tu, Sabato imeingia, na kwenye nyumba hii Sabato ikiingia hata kuni hazipasuliwi, sembuse kuwasha injini ya pampu. Na Kisyeri alishasema Jumapili harudi. Kuna watu wa duara lingine ng'ambo ya bonde, nao wamejaa maji, wanamsubiri kwa hamu. Kwa hiyo ilikuwa sasa hivi au basi.

Mpango wenyewe Mniko aliupanga vizuri tu, mtu yeyote hapa kijijini Nyangoto angeuona ni mpango. Baba mdogo anatoa pampu na mafuta, maji yanatoka, mawe yanatoka, Kisyeri anachukua sehemu yake kwenye mawe, mzee yake, na Mniko yake. Sehemu ya Mniko inampeleka Musoma kwenye chuo cha ufundi, anajifunza kutengeneza yale magari makubwa ya mgodini ambayo tairi lake moja ni refu kuliko mtu. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa ya aibu kidogo, hayo hakuna haja ya kuyazungumza, lakini chuo walisema watampokea. Pampu isipoingia, duara linabaki kisima, na yeye anabaki kijana wa kisima.

Sasa, habari ya huyo mzee na kitabu chake ilikuwa hivi.

Mzee Waitara hakuanza jambo bila kufungua. Ndivyo walivyoita pale nyumbani: kufungua. Unafumba macho, unaifungua Biblia popote, unashusha kidole, unafumbua, unasoma pale kidole kilipoangukia. Hapo tu. Ukisoma juu yake au chini yake unakuwa umemchungulia Mungu, kama mtoto anayechungulia dirishani kuona wakubwa wanaongea nini. Walifungua wakati Gati, dada yake Mniko, anaolewa. Walifungua kabla ya kununua punda, na punda akaja kuwa mzuri kweli, jambo ambalo mzee hakuacha kulikumbusha. Mniko mwenyewe jina lake lilitokana na babu, ndiyo, lakini kwanza walifungua kuuliza kama babu anaruhusiwa.

Basi mwanzoni mwa kiangazi, wakati kila mwenye shamba kule bondeni alikuwa anachimba, na watu wanalala juu ya viroba vya mawe ili wasiibiwe, mzee naye alifungua. Kidole kikaangukia kitabu cha Wafalme, mahali nabii anawaambia watu wajaze bonde lote mashimo. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Bonde. Mashimo. Na wao wana bonde. Usiku ule ule mama yake Mniko, mama Nyangi, alikuwa analia kwa furaha na Mniko alikuwa ananoa sururu.

Na hakuna aliyeambiwa. Hiyo nayo ni sheria ya huku, hata mpagani anaifuata: mahali unapotaka kuchimba hutangazi, na sababu ya kuchimba hapo hutangazi zaidi. Ukisema, kesho asubuhi unakuta watu arobaini na majembe. Kwa hiyo kanisani mzee hakusema, kwa mchungaji hakusema, na Wafalme yake akakaa nayo kimya.

Mniko ndiye aliyeshuka. Mzee mgongo haukubali, kwa hiyo alikuwa juu anavuta kamba, na Mniko chini na tochi kichwani, anapasua udongo mwekundu, halafu udongo mweupe, halafu ule mgumu unaorudisha sururu mpaka meno yanagongana. Walikata miti ya kuegemeza kuta, wakaishusha mmoja mmoja. Kwenye mikono yake Mniko ngozi ilitoka, ikaota, ikatoka tena. Mara mbili kuta ziliteremka, akapanda juu amekuwa rangi moja na panya, na mzee kule juu akamwambia asiogope, neno limeshatoka. Mniko alitaka kumwambia neno lishuke basi lishike tochi. Alikunywa maji akarudi chini.

Halafu wakafika kwenye mwamba. Walitwanga jiwe moja kwenye kinu cha chuma, wakaosha unga wake kwenye karai, na pale chini ya karai pakabaki kitu chembamba cha njano, kama uzi uliochomoka kwenye kanga. Mniko aliuona. Mzee aliuona. Kesho yake Mniko aliposhuka kuufuata ule mwamba, alipiga sururu ubavuni, na ubavu ukafunguka. Maji hayakumwagika kwa fujo. Yalitoka taratibu, ya baridi, safi kabisa, yakamfika kifundo, yakamfika goti, na yeye akapanda kwa kamba anatukana kwa Kikurya mpaka mama yake kule juu akaziba masikio.

Mtu mwingine hapo angetafuta pampu. Mzee Waitara alinyamaza siku kadhaa, halafu kwenye kikundi cha maombi akasimama akatoa yote: kufungua, Wafalme, bonde, mashimo, maji. Alisema amechanganyikiwa, wamwombee. Na pale kikundini yupo mama mmoja jirani, Adhiambo, aliyeolewa huku kutoka upande wa Kenya, anayeijua Biblia kama anavyojua njia ya kwenda Sirari sokoni. Akamwambia, mzee, soma mbele. Mzee akasita, maana ni kumchungulia Mungu. Adhiambo akamsomea yeye. Na mbele pale panasema hamtaona upepo wala mvua, lakini bonde litajaa maji, mnywe ninyi na ng'ombe wenu.

Maji. Tangu mwanzo yalikuwa ni maji. Habari yenyewe ilikuwa ya wafalme wenye jeshi linalokufa kiu, hakuna dhahabu hata ya kutengenezea kipini.

Mniko aliposikia alicheka. Alifikiri sasa mzee ataona aibu, atakiri kwamba hii habari ya kidole ni ujinga, na mambo yatakwenda kama yanavyokwenda kwa watu wengine. Lakini mzee alirudi nyumbani anang'aa. Alimwambia mama Nyangi kwamba Mungu hakudanganya hata neno moja, yeye ndiye aliyeishia njiani. Kesho yake akapiga miti kuzunguka mdomo wa duara, akatengeneza ngazi ya kushukia, akaweka na kopo la kuchotea. Adhiambo akaja na ndoo. Wakaja wengine. Kiangazi kile chemchemi ilikuwa mbali, akina mama walikuwa wanaondoka na punda alfajiri wanarudi jua limewaka, na sasa maji yako hapo chini ya migomba ya Mzee Waitara, bure. Walikuwa wanapita wanasema, kweli Mungu yupo. Na Mniko amekaa kwenye jiwe, na mikono ile, anawaangalia wanachota jasho lake kwa ndoo.

Ndiyo maana ya ile sauti iliyohamisha kuku.

Honi ikalia nje. Halafu Kisyeri mwenyewe akaingia, anainama mlangoni kwa sababu ya urefu, anajifuta shingo na kofia. Alimwamkia kaka yake shikamoo, mzee akaitikia marahaba vizuri kabisa, na mama Nyangi akamletea kigoda, ingawa mikono yake ilikuwa na unga wa mtama; alikuwa anaharakisha kupika chakula cha Sabato. Kisyeri hakukaa. Alisema jua halimsubiri mtu. Yeye kanisani haendi, duara lake alilifungua kwa mbuzi mweusi, mganga akamwaga vya tumboni mwa yule mbuzi kuzunguka shimo, na mpaka leo linatoa. Hilo alilisema kila mahali, hata pasipotakiwa.

"Kaka, mimi sigombani na dini ya mtu," akasema. "Mungu wako ana kisima, mimi nina pampu. Waache wafanye kazi pamoja."

Mzee akatabasamu kidogo. Mama Nyangi naye akaficha mdomo na kiganja. Mniko ndiye hakucheka, kwa sababu alikuwa anaona jinsi watu hawa watatu wanavyoweza kucheka wakati maisha yake yanazama na jua. Mzee akamwambia mdogo wake asubiri nje, jibu atalipata sasa hivi, na Kisyeri akatoka, na honi ikaanza tena.

Mniko akajaribu kwa upole. Alivuta kiti, akakaa, akaongea kama alivyokuwa anaongea kwenye midahalo shuleni. Alimweleza baba yake kwamba kidole kikianguka popote kitapata kitu, kwa sababu kitabu ni kikubwa na mtu ana shida nyingi. Ukiwa na bonde utaona bonde. Ukiwa na mgonjwa utaona mgonjwa. Angeweza kuweka kidole kwenye gazeti lililofungia sukari na likamwambia la kufanya. Mungu hayuko kwenye ncha ya kidole cha mtu. Alisema hayo yote bila kupandisha sauti na akajisikia ameongea vizuri.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Wewe umeona nini mle chini?"

"Dhahabu."

"Umeona uzi," mzee akasema. "Hata mimi niliuona. Uzi mmoja kwenye karai. Na kwenye huo uzi umeshapanda gari la kwenda Musoma, umeshasoma, umeshavaa ile kofia ngumu. Halafu unanicheka mimi kwamba naamini nisichokiona."

Mniko akatikisa kichwa. Akasema ile ni tofauti. Mzee akamwambia amweleze tofauti. Mniko akasema uzi unapimika, mwamba unafuatwa, watu wa pembeni wamepata. Mzee akasema na watu wa pembeni waliokosa ni wangapi, na walifuata mwamba gani, na mbona hao hawapigi honi. Ikawa kelele tena, huyu anaongea juu ya huyu, na mama Nyangi akaacha unga akasimama katikati ya chumba na mwiko mkononi.

"Mimi nina swali," akasema. Hakumwangalia mume wake, alimwangalia mtoto. "Baba yako hasomi mbele kwa sababu anaogopa kumchungulia Mungu. Wewe huogopi. Wewe umesoma mpaka fomu foo, somo la Biblia umelifanyia mtihani. Kitabu kilikuwa hapa mezani miezi yote hiyo. Mbona hukusoma mbele?"

Mniko aliangalia meza. Angeweza kusema alikuwa amechoka, na kweli alikuwa amechoka, alikuwa anarudi anaanguka kama gunia. Lakini alijua sivyo. Alivyosikia neno chimba, alikuwa ameshasikia alichotaka. Kuendelea kusoma kungemsaidia nini? Mtu aliyeambiwa ndiyo haulizi tena. Na hilo lilimkera kuliko yote, kwamba kwenye nyumba hii mwanamke aliyeishia darasa la nne anaweza kukuuliza swali moja ukakosa pa kuweka macho.

"Sawa," akasema mwishowe. "Sikusoma. Nimekosa. Lakini Tata, niambie basi, mimi nielewe. Siyo ya kanisani. Yako. Kwa nini kitabu hiki? Kwa nini siyo mimi, mwanao, ninayekwambia kitu kwa akili?"

Mzee alinyoosha mkono mezani. Alichukua miwani, akaikunja ule mguu wa waya, akaikunjua.

Habari ya baba yake kukaa gerezani Mniko aliijua, lakini aliijua kama mtu anavyojua kovu la mzazi: lipo, haliulizwi. Alijua kwamba kabla yeye hajazaliwa ng'ombe wa watu walipotea, nyayo zikaonekana zimepita karibu na boma la Waitara, na Waitara akakamatwa. Alijua kwamba shahidi alikuwa baba mdogo Kisyeri, kijana wakati huo. Kwa polisi Kisyeri alisema kaka yake alilala nyumbani. Mbele ya hakimu akasema hakumbuki. Kesi ilipoitwa tena, waliochukua ng'ombe wakiwa wamekaa pale nyuma kwenye benchi wanamwangalia, akasema alimwona kaka yake na fimbo, anaswaga ng'ombe. Mzee akafungwa. Hayo yalijulikana. Na ilijulikana kwamba alitoka ameokoka, na siku ya kwanza alikwenda kwa Kisyeri akamsalimia, wakala ugali sahani moja. Watu walisema ni ulokole. Lakini mengine mzee hakuwahi kuyasema, mpaka jioni ile.

"Mdogo wangu aliapa mara tatu," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Mkono huo huo juu, maneno matatu. Simlaumu, aliogopa. Na wazee wa ukoo walioniambia watanisimamia, walibadilika. Na mwanasheria. Kila mtu niliyelala nikimtegemea, niliamka maneno yake yamehama. Kule ndani kulikuwa na Mjaluo mmoja, Oduol, mtu mzima. Sikujua hata a. Alinifundisha kwa kitabu hicho, ukurasa mmoja kila asubuhi, tangu Mwanzo. Na unajua nilikuwa nafanya nini? Kabla ya ukurasa wa leo nilikuwa nafungua wa jana. Niangalie kama maneno yamehama. Kila siku, Mniko. Nilikuwa nayavizia. Na kila siku yalikuwa pale pale nilipoyaacha."

Akaiweka miwani mezani. Honi nje ilikuwa imenyamaza.

"Nilitoka tumefika Samweli," akasema. "Wafalme hatukuifikia."

Mama Nyangi alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha Kisyeri, mwiko magotini. Mniko alikasirika zaidi. Kwa sababu alitaka kugombana, na sasa anagombana na nini? Hata hivyo alijilazimisha, maana jua lilishafika kwenye kizingiti cha mlango na ule mwanga mwekundu ulikuwa unapanda mguu wa meza.

"Maneno hayahami, nimekubali," akasema. "Lakini kidole chako kinahama, Tata. Leo kinasema chimba, kesho kinasema usichimbe. Oduol hakukufundisha kidole. Kidole umekileta wewe."

Alitegemea mzee awake. Mzee hakuwaka. Alimwangalia mwanawe muda, kama mtu anayeangalia mwamba ambao hakujua upo shambani kwake. Halafu akaichukua ile Biblia kwa mikono miwili, akaisukuma mezani mpaka ikagusa kifua cha Mniko.

"Inawezekana," akasema. "Basi weka chako."

"Changu nini?"

"Kidole. Changu umekikataa. Fungua wewe. Kikianguka mahali panaporuhusu, baba yako mdogo ashushe pampu sasa hivi, na mimi mwenyewe nitashika bomba. Kikikataa, yamekwisha. Na soma mbele ukitaka. Soma hata ukurasa mzima. Sitabisha."

Mama Nyangi akasema eeh, taratibu. Akamaanisha amekubali.

Mniko akaishika. Ilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya taa. Na papo hapo, kabla hata hajafikiri, kidole gumba chake kilijua. Kwa sababu kuna mahali katikati, kwenye kitabu cha Ayubu, ambapo zamani kibatari kilipindukia, kurasa zikakauka zikawa ngumu kama ngozi, na ukiishika hiyo Biblia ovyo ovyo inajifungulia hapo yenyewe. Na hapo hapo, upande wa kulia juu, pameandikwa habari za watu wanaochimba. Kwamba dhahabu ina mahali pake. Kwamba mtu anaipasua milima, anayazuia maji yasitiririke, anakitoa nje kilichofichwa. Mniko alipajua sana. Jioni nyingi wakati wa kuchimba alikuwa anapafungua mwenyewe, siyo kwa sala, kwa kujifariji tu. Anayazuia maji. Ni kama aliyeandika alikuwa ameliona duara lao.

Mzee alikuwa amefumba macho. Kwa utaratibu wao anayefumba ni anayefungua, wengine hawana haja. Lakini mzee alifumba, mikono juu ya magoti, midomo inacheza kidogo. Mama Nyangi naye alifumba. Ndani ya chumba kile mwenye macho alikuwa Mniko peke yake.

Kidole gumba kikaugusa ule ukurasa mgumu. Ilikuwa rahisi hivyo. Afungue, ashushe kidole, aseme nimemaliza. Baba yake angevaa miwani angesoma, silabi kwa silabi, na angeamini. Hangeuliza. Angetoka nje mwenyewe kushika bomba, mgongo ule, na angewaambia Adhiambo na wenzake watafute maji pengine, Mungu amesema. Na maisha yake yote yaliyobaki angekuwa anasimulia kanisani siku mwanawe alipofungua kikatoka Ayubu. Na yale maneno yangekuwa ya kweli kabisa, hayajahama hata moja. Aliyehama angekuwa ni mwingine.

Nje Kisyeri akapiga honi, ndefu.

Mniko aliisikia ile honi na akamwona yule mtu, kijana wakati huo, mkono juu, anaangalia benchi la nyuma. Mara tatu. Na mara ya nne ni nani?

Akajiambia hii ni karatasi. Karatasi na wino, imechapwa kiwandani na watu wanaokula mchana kama sisi, na kidole ni nyama na kucha. Yeye haamini kufungua. Hajawahi kuamini. Sasa mtu asiyeamini anaogopa nini? Kama ni karatasi tu, shusha. Alijitukana kimoyomoyo, akajiambia wewe Mniko ni mjinga, chuo kile, magari yale, shusha kidole. Na kidole kikagoma. Siyo kwa utakatifu, maana hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya mtakatifu. Kiligoma tu, kama punda anavyogoma mtoni, na hakuna fimbo utakayompiga.

Mwanga mwekundu ulikuwa umefika juu ya meza.

Akaifunga. Akairudisha mahali pake, na miwani juu yake.

Mzee aliposikia gamba linagusa mbao akafumbua macho. "Imesema nini?"

"Haijasema. Sijaweka."

"Kwa nini?"

Mniko akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake na hakukiokota. Alitaka kumwambia kwa nini, na alijua hata akianza atamaliza analia, na hiyo asingewapa, si leo. Mzee alimwangalia, halafu akaiangalia ile Biblia, halafu pale ubavuni mwake ambapo kurasa zilizokauka zinaonekana hata ikiwa imefungwa, mstari mweusi katikati ya weupe. Akaangalia hapo muda mrefu kidogo. Mkono wake ulinyanyuka kama unataka kumshika mtoto bega, ukarudi gotini.

"Naenda kumwambia baba mdogo ageuze toyo," Mniko akasema.

"Kula kwanza," mama yake akasema. "Chakula kimeiva."

"Sili."

"Mura," mzee akaita.

Mniko alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka nusu.

"Na msije mkasimama kanisani kesho mkasema ni Mungu," akasema. "Hakuwepo. Nilikuwepo mimi."

Akatoka. Mlango ule huwa unakwaruza sakafu na kukwama, na ukiwa na hasira huwezi kuubamiza hata ukitaka. Akaushika kwa chini kwa mikono yake ile, akaunyanyua kidogo, akaufunga.